Mjomba wa Kwenye Video

Nyumbani kwetu steringi wa kila filamu alikuwa mtu mmoja, na nina hakika mwenyewe huko kwao hajui mpaka leo. Alikuwa mfupi, mwenye upara na masharubu, na mwendo wa mtu aliyeacha uji jikoni. Katika filamu ya saa moja na nusu alionekana labda mara tatu. Aliingia, akasema maneno mawili matatu, akajikwaa au akamwagikiwa na kitu, akatoka. Wenzake walimwajiri, nadhani, kwa kazi hiyo ya kupita tu. Sisi wa Morogoro tukampa filamu nzima.

Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya magendo chini ya kaunta sasa yalikuwa na sabuni za rangi zote juu ya kaunta, na mitumba ilitandazwa barabarani mpaka watu wakawa wanairuka. Kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa kinauzwa, naye akapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Mama alitaka bati, maana nyumba ilikuwa inavuja. Baba akaenda Dar es Salaam kununua bati, akarudi na televisheni, deki, na maelezo marefu ambayo mama hakuyasikiliza. Walinuniana siku nne. Siku ya tano mama akatoa masharti: ngumi hazitapigwa sebuleni kwake, mtu hatambusu mtu sebuleni kwake, na saa za misa kitu hicho kitakuwa kimefunikwa kitambaa.

Sasa nenda duka la kukodisha kanda, utoe filamu za ngumi na utoe filamu za kubusiana, uone kinachobaki. Ilibaki rafu moja ya chini kabisa, yenye vumbi, ya vichekesho vya familia na katuni. Tukaikodi yote, kanda moja kila wiki, na karibu kila kanda tuliyoiweka, huyo hapo, bwana mfupi mwenye upara, anaingia mbio.

Jumapili baada ya chakula cha mchana sebule ilijaa. Watoto walikaa mbele mpaka pua zikagusa kioo. Nyuma yao walikaa akina mama wa mtaani, waliotoka misa na wasiokwenda misa, jirani mmoja muuza vitumbua na ushungi wake, na wengine waliokuja kutuuliza kama tuna chumvi wakasahau kuondoka. Khanga mbili zilifunika madirisha ili picha ionekane vizuri. Joto lake lilikuwa la kupikia maandazi. Na kwenye mkeka, mahali pa heshima, alikaa bibi.

Bibi ni mama yake mama. Alikuwa ameshuka kutoka Mgeta kutibiwa goti. Goti likapona, yeye akabaki. Kwa adabu ya ukwe hakumtazama baba usoni wala kumsemesha moja kwa moja. Alikaa amempa mgongo nusu, na akitaka kumwambia neno alilipitisha kwangu, ingawa kati yao palikuwa na hatua mbili tu. Baba naye akajibu kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo kazi ya ukalimani niliianza kabla hatujaiwasha televisheni.

Siku ya kanda ya kwanza, kwenye filamu kulikuwa na baba mmoja mrefu, mwenye meno mazuri, aliyekuwa akihangaika kutafuta mbwa wa watoto wake. Alikimbia, alipiga simu, alilia. Bibi akamtazama kwa muda, kisha akaniuliza mtu huyo anayepiga kelele ndani ya nyumba ya watu ni nani. Nikamwambia ni baba wa wale watoto. Bibi akasema, “Ahaa,” kama mtu aliyeambiwa kuwa kile ni kiti.

Ndipo akaingia yule mfupi. Alikuja na ngazi begani, akasema neno, akarudi nyuma, akatumbukia kwenye kichaka na ngazi yake. Kutoka kichaka hicho hicho mbwa akachomoka. Watoto wakashangilia, mfupi akajipangusa majani, akatoka. Bibi akauliza huyo ni nani. Nikasema ni jirani.

“Jirani gani anaingia bila hodi?” alisema bibi. “Huyo ni mjomba wao.”

Mambo yakaishia hapo. Inabidi muelewe kwamba kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anapendwa, anaheshimiwa, anapewa kidari cha kuku, lakini neno la mtoto linasemwa na mjomba, kaka yake mama. Mjomba ndiye anayekuja jambo likikwama, anasema machache, linakwamuka. Akina mama wote wa Kiluguru mle sebuleni waliitikia kwa vichwa. Ilikuwa wazi. Yule mrefu alikuwa mkwe tu, anatapatapa katika nyumba ya wenyewe.

Baba alikuwa mtu wa Iringa, ambako baba ndiye kila kitu, na alikuwa ameoa Morogoro akidhani dunia nzima ni hivyo. Jambo hili lilimuuma. Akanituma nimwambie bibi kwamba steringi ni yule mrefu, na ushahidi ni kwamba jina lake limeandikwa la kwanza tena kwa maandishi makubwa. Bibi akanituma nimwambie baba kwamba hata kwenye kadi ya harusi bwana harusi huandikwa kwa maandishi makubwa, na aliyetoa mke haandikwi. Jirani wa vitumbua alicheka mpaka akatoka nje kupumua.

Wiki iliyofuata yule mfupi alikuwa tarishi katika familia nyingine. Nilidhani bibi sasa ataona kosa lake. Hakuona kosa lolote. Alisema mjomba ana dada mwingine huku. Wiki ya tatu akawa mganga wa meno, ya nne padri, ya tano mwalimu wa mpira anayepigwa na mpira usoni. Kila wiki dada mpya, wapwa wapya. Bibi akamwonea huruma ya kweli. Alisema mwanamume mwenye dada wengi namna ile hana pumzi, ndiyo maana anakimbia siku nzima na kushika kila kazi, na ndiyo maana nywele zimemwisha.

Tulipoweka katuni ya kwanza, baba alijua amepona. Mle hamkuwa na watu, walikuwa wanyama watupu. Tukatazama dakika kumi. Kisha nungunungu mmoja akatoka shimoni, akasema kwa sauti ya kukwaruza, na bibi akainua kidole. Ndiye. Sauti ile ile. Baba akaniambia nimwambie bibi kuwa nungunungu hawezi kuwa mjomba wa mtu. Bibi akajibu kwamba katika ngano zote alizowahi kusikia sungura ana mjomba, fisi ana shemeji, kwa nini nungunungu tu ndiye awe hana ukoo. Nilipotazama majina mwishoni, nikiyafuata kwa kidole kabla hayajakimbia, kweli alikuwa ni yeye. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja, na alimtambua kwa sauti ndani ya miiba.

Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Nilikuwa kidato cha pili, na Kiingereza changu kilikuwa cha kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Katika sentensi tatu za wale watu nilishika moja, ya pili nikaikisia, ya tatu nikaitunga. Lakini nilitafsiri kwa sauti kubwa, nikisimama kando ya televisheni na fimbo ya kuonyeshea, na mtu akiniuliza swali nilimkazia macho. Nilikuwa na kiburi kisicho na mfano. Akina mama waliniletea magimbi ya kuchemsha na fiwi ili niendelee, na nikagundua mapema kwamba nikimpa yule mfupi maneno ya maana, magimbi yanaongezeka. Basi nikamfanya asiseme upuuzi. Akija kuleta kifurushi, mimi nilimfanya aonye watoto waheshimu mama yao.

Mjomba wangu mwenyewe, wa damu, alikuwa kinyume cha yule wa kwenye video katika kila kitu. Alikuwa mrefu, mwenye nywele, na hakukimbia hata mvua iliponyesha. Alilima kabichi, karoti na njegere kule Mgeta, na kila Jumamosi alishuka na lori la mboga, akauza matenga yake sokoni, akalala kwetu, akaondoka Jumatatu alfajiri. Jumapili alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia juu ya goti, akatazama video kimya. Akichekeshwa sana mabega yalimtikisika. Nilikuwa nahesabu siku anayosema maneno zaidi ya kumi kuwa siku ya maongezi. Mama alisema kaka yake alizaliwa hivyo, na kwamba maneno yake yote aliyachukua yeye.

Mtu huyu ndiye aliyekuwa na neno juu ya dada yangu.

Dada alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi, chuo cha miaka mitatu. Alikuwa amempenda kijana mmoja fundi wa matrekta huko Turiani, na kijana alikuwa amempenda yeye, na hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuja na barua ya posa. Wazee wa kijana, watu waliohamia Turiani zamani kufuata miwa, walitaka harusi mara tu mpunga ukishavunwa, na bibi harusi ahamie kwao moja kwa moja. Kijana alijaribu kuwaomba wasubiri, akaambiwa anyamaze. Na chuoni ukitoka katikati umetoka, hakuna kurudi.

Dada aliniambia haya jikoni huku akikuna nazi, na alikuna mpaka akafikia kifuu, ikatubidi tutupe. Alitaka kijana na alitaka kuwa nesi. Hakuona ni kwa nini achague. Lakini siku ya posa msichana hana la kusema. Anaitwa, anaulizwa kama anawafahamu wageni, anasema ndiyo, anarudi ndani. Swali ni moja na jibu lake ni moja. Anayezidisha hapo ataambiwa hakufunzwa. Mwenye kusema ni mjomba, na mjomba alikuwa mtu wa kusema “haya” akiambiwa chochote. Akisema “haya” siku hiyo, dada angekuwa anapepeta mpunga Turiani badala ya kuvaa gauni jeupe wodini.

Nikamuuliza kwa nini asimwambie mjomba. Akaniuliza kwa nini nisimwambie mimi. Mtoto wa kike amfundishe mjomba la kusema kwenye posa? Hata kiburi changu kilikuwa na mpaka.

Jumamosi ile nilikuwa narudisha kanda nyuma kwa mkono, kidole kwenye tundu, maana deki ilikuwa imeanza kutafuna kanda na baba alitaka tuipumzishe. Nikizungusha, nikizungusha, wazo likanijia. Mimi nisingeweza kumfundisha mjomba. Lakini mjomba angeweza kufundishwa na mjomba.

Jumapili ya kwanza yule mfupi alikuwa dereva wa lori la kuhamisha vyombo. Aliingia na kabati mgongoni, akauliza jambo, nadhani aliuliza aliweke wapi. Nikatafsiri, “Kabati nitaliweka popote, lakini yule binti mkubwa asiolewe kabla hajamaliza chuo.” Katika familia ile hapakuwa na binti mkubwa. Kulikuwa na mapacha wa kiume wa miaka kama sita hivi. Hakuna aliyeuliza. Akina mama waliitikia kwamba hapo amenena.

Jumapili ya pili alikuwa mganga wa meno tena, tuliirudia kanda ile kwa ombi la watazamaji. Huku koleo ikiwa mdomoni mwa mtoto, nilimfanya aeleze faida za elimu kwa mwanamke. Jirani wa vitumbua akasema ndiyo maana mganga huyu anaheshimika. Jumapili ya tatu ilikuwa katuni. Wanyama walikuwa wanakimbia mafuriko, kila mmoja na mtoto wake mgongoni, na nungunungu akafungua mdomo mara moja. Naamini alipiga chafya. Mimi nikatoa hotuba ambayo ilianza na uuguzi na kuishia na uuguzi, na mafuriko yakaja na kupita sijamaliza.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mjomba huyu ana jambo moja tu moyoni siku hizi, na bila shaka kuna mpwa wake mmoja aliyekatishwa masomo, anaumia. Akina mama wakaanza kujadiliana ni mpwa yupi, wa familia ya mbwa au wa familia ya tarishi. Dada alikuwa amejiziba uso kwa mtandio, na sikujua kama analia au anacheka. Alikuwa anacheka. Alinifinya paja mpaka likabaki na alama.

Baba, ambaye Kiingereza chake kilitosha kuagiza vipuri kiwandani, alinitazama kwa jicho la pembeni. Nilimwona anafungua mdomo, anamtazama dada, anaufunga. Nilimpenda sana baba kwa mdomo ule uliofungwa.

Jumapili ya nne ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya posa, na nikatumia silaha zote. Filamu yenyewe ilikuwa ya harusi, yule mfupi alikuwa mgeni aliyekuja bila kualikwa, akasimama mbele ya keki kubwa na kuanza kuila. Alisimama pale muda mrefu, mashavu yamejaa, watu wanamtazama. Sijui mwenye filamu alikusudia nini. Mimi nilikusudia kumaliza kazi. Nilimfanya aseme kwamba bwana harusi mwenye akili husubiri, kwamba mpunga huvunwa kila mwaka lakini chuo huvunwa mara moja, na kwamba mjomba yeyote asiyesema hivyo mbele ya wageni atakuja kuulizwa na Mungu. Hapo nilimtazama mjomba wangu kwenye kigoda chake. Alikuwa anaangalia video. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena video, akakuna kidevu. Nikajua imeingia.

Jumatatu akaondoka na lori. Hakusema lolote, hata kwaheri alisema kwa kofia. Dada akaniuliza kama nadhani amesikia. Nikamwambia amesikia kila neno, lakini mwenyewe sikuwa na uhakika huo hata kidogo.

Siku ya posa wageni walifika mapema, wakiwa na gunia la mchele na nguo zilizopigwa pasi mpaka mistari ikasimama. Walikuwa mshenga, baba mkubwa wa kijana ambaye ndiye msemaji, na wazee wengine wawili. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa. Baba aliketi kwenye kiti kikubwa, na baba mkubwa akaanza kumwaga hotuba yake yote kwake, kama ilivyo desturi ya kwao. Baba aliipokea. Niliona wazi anaifurahia, siku moja kwa mwaka watu wanamzungumzisha yeye. Mama akakohoa mara tatu. Ndipo baba akaeleza, bila haraka, kwamba mwenye neno ni shemeji yake, naye yuko njiani.

Wakasubiri. Saa nzima wakasubiri. Tuliwapa chai, tukawapa chai tena. Mama aliingia na kutoka akisema lori lazima limekwama Mlali kwenye matope.

Mimi na dada tulikuwa uani tunamenya njegere kwa ajili ya pilau, dada anamenya kwa pupa, njegere zinarukia majivuni. Mara tukaona kigoda cha tatu kimekaliwa. Mjomba alikuwa ameketi nasi, matope mpaka magotini, tenga la kabichi pembeni, naye anamenya njegere. Nikamwamkia shikamoo huku nimeduwaa. Nikamuuliza amefika saa ngapi. Akasema zamani.

Kumbe alikuwa amefika mlango wa mbele na tenga kichwani. Mshenga, mtu mwenye adabu zake, akamwambia, mzee, mboga wapelekee kina mama huko nyuma. Mjomba akasema, “Haya.” Akazunguka. Wageni walikuwa wamemngoja mjomba saa nzima baada ya kumfukuza mlangoni wenyewe.

Nilitaka kucheka, nikashindwa, maana alikuwa ananitazama. Akaendelea kumenya.

“Wewe,” aliniambia. “Yule bwana alikuwa ana keki mdomoni.”

Nikajifanya sielewi.

“Mashavu yote mawili. Mtu hawezi kusema maneno marefu hivyo na keki mdomoni. Na yule nungunungu alipiga chafya tu.”

Ninakumbuka nilivyojisikia. Masikio yalipata moto, na nikatamani ardhi ya Morogoro inifunike na bakuli langu. Wote mle sebuleni walikuwa wananisikiliza mimi. Mtu mmoja tu alikuwa anatazama midomo. Dada aliacha kumenya. Mjomba hakuonekana kukasirika. Mabega yalikuwa yanamtikisika kidogo.

Hapo mama akatokea, akamwona kaka yake kwenye kigoda na maganda mapajani, na nusura aanguke kwa aibu. Alimnawisha yeye mwenyewe, akampangusa matope kwa khanga yake mpya, akamsukuma. Mjomba akaingia sebuleni kwa mlango wa uani, bila hodi, akaenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa wazi. Mshenga alipomtambua, kikombe kilimgonga meno. Bibi kwenye mkeka alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu ambaye amewahi kuiona filamu hii.

Baba mkubwa akaanza hotuba upya, safari hii akimwelekea muuza kabichi. Alisema habari za mpunga, habari za nyumba isiyo na mwanamke, habari za umri wa wazee. Mjomba alisikiliza yote. Kisha mjomba akaagiza binti aitwe.

Dada akaingia, akapiga magoti. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Mjomba akamuuliza kama anawafahamu wageni hawa.

“Ndiyo, mjomba.”

Hapo ndipo mambo huishia. Mama alikuwa ameshaandaa koo kwa kigelegele. Dada akaanza kuinuka arudi ndani, na nikaona mgongo wake umeinama, nikajua ndivyo mambo yanavyokwisha, kimya kimya, mtu anarudi ndani.

“Kaa,” alisema mjomba. “Unataka nini?”

Hakuna aliyewahi kusikia swali la pili kwenye posa. Mama alimeza kigelegele chake. Dada aliinua macho, akayainamisha. Nikahesabu pumzi zake. Mimi maneno yote nilikuwa nayo, niliyafanyia mazoezi Jumapili nne nzima, yalikuwa yananiwasha ulimi. Nikasema, “Anataka...”

Mjomba akainua mkono bila hata kugeuka.

“Wewe leo usitafsiri.”

Nikaliweka sinia chini. Sebule yote ilimngoja dada. Na dada yangu, ambaye sauti yake nyumbani ilikuwa ndogo kuliko ya redio, akasema kwamba anampenda kijana na yuko tayari kuolewa naye, lakini anataka kwanza amalize chuo, na amebakiza mwaka mmoja na miezi. Neno la chuo alilirudia, kwa kuwa mara ya kwanza halikutoka vizuri. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Baba mkubwa akamgeukia baba, mwanamume kwa mwanamume, akamuuliza kama hapa ni binti ndiye anayejibu. Wote tukamtazama baba. Alikuwa amelia mwaka mzima kuwa si steringi, na sasa filamu yote ilikuwa mkononi mwake. Akajiegemeza kitini.

“Wazee,” alisema, “mimi hapa napita tu. Mwenye neno ni yule.”

Na mjomba akasema kwamba amesikia, na hilo ndilo jibu la ukoo.

Wageni wakaomba nafasi, wakatoka kibarazani. Tuliwasikia wakibishana kwa sauti za chini. Aliyewashinda alikuwa mshenga, ambaye bado alikuwa na aibu ya kabichi. Aliwaambia kwamba zahanati ya kwao ina nesi mmoja, naye amezeeka, na sasa wanaletewa nesi bure mpaka nyumbani wanasema wanataka wa kupepeta mpunga. Waliporudi ndani, baba mkubwa akasema watasubiri. Alisema kwa uso wa mtu aliyemeza dawa. Mama akapiga kigelegele kirefu mno, chenye kile cha kwanza ndani yake, na jirani wa vitumbua akakipokea kutoka nyumbani kwake kabla hata hajaambiwa kuna nini. Tukala pilau. Njegere zilikuwa na majivu kidogo, hakuna aliyesema.

Jioni nilimsindikiza mjomba kwenye lori, nimebeba tenga lake tupu. Nilitaka kuomba radhi kwa ajili ya yule bwana wa keki, nikakosa pa kuanzia, nikaanza na hasira, ndivyo nilivyo. Nikamuuliza, kama alijua tangu mwanzo dada anataka nini, kwa nini asiseme mwenyewe, yeye mwenye neno, badala ya kumtia dada jasho vile mbele ya watu. Tukafika. Akarusha tenga juu ya lori, akapanda, akajitafutia mahali kati ya matenga mengine. Nilidhani ndiyo basi.

“Ningesema mimi, wangeniheshimu mimi,” alisema kutoka juu. “Mimi siendi kukaa nao.”

Nikampungia mkono mpaka lori likakata kona. Kisha nikarudi nyumbani mbio, maana vyombo vyote vya wageni vilikuwa bado havijaoshwa, na dada alikuwa ameniambia wazi kwamba leo haoshi hata kijiko.